Natoka GTX 1660 Super: nichukue RTX 5060, RX 9060 XT 16GB au RTX 5060 Ti? Niko Tudor, Mombasa

MtotoWaTudor

Assalam aleikum wadau. Wakubwa shikamooni.

Nimekuwa nikiweka akiba ya kadi ya grafiki kidogo kidogo, sasa pesa imetimia na kuchagua ndiko kumekuwa kugumu. Mashine yangu ni Ryzen 5 3600 kwenye madabodi ya B450, RAM 16GB, kadi GTX 1660 Super na monita ya 1080p ya 144Hz. Pawa saplai ilikuja ndani ya kasha. Ubavuni imeandikwa 600W lakini chapa yenyewe sijaikuta popote. Nina UPS ya 650VA pia, maana huku Tudor stima hupotea bila taarifa na nimechoka kupoteza kazi ambayo sijaihifadhi.

Jioni nacheza EA FC na Warzone na wenzangu. Wikendi namsaidia binamu yangu kuhariri video za harusi, na hapo ndipo kadi inapohema, hasa akiniletea faili za 4K. Halafu kuna gemu mpya zisizofunguka kwangu kabisa: Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zote zinataka kadi yenye vifaa vya kufuata miale ya mwanga (ray tracing), na 1660 Super haina.

Nimezunguka madukani Moi Avenue na Digo Road, nikapiga simu na Nairobi. Bei za wiki hii, taslimu, ni hizi: Arc B580 ya Intel yenye 12GB elfu 46, RTX 5060 ya Nvidia yenye 8GB elfu 52, RX 9060 XT ya AMD yenye 16GB elfu 63, RTX 5060 Ti ya Nvidia yenye 16GB elfu 76. Nilijiwekea elfu 65. Nikijibana sana nafika 76, na hapo sibaki na kitu.

Kinachonikwamisha si fremu (picha kwa sekunde) peke yake. Tokeni za stima ananunua mama, na ameshaniuliza hiyo kadi mpya itakula kiasi gani. Chumba changu kiko juu kabisa, chini ya mabati, kina feni moja ya dari. Kaskazi ikishika, saa nane mchana kadi ya sasa hufika nyuzi 84 na feni zake husikika hadi sebuleni. Wakaguzi wa nje wanapima ndani ya vyumba vyenye kipoza hewa, kwa prosesa ghali kuliko zote. Nataka kusikia kutoka kwa mtu anayezifunga hapa hapa kwetu.

KisauniFPS

Kaka, 5060 basi. Wati 145 tu, ina DLSS 4, ile mbinu ya Nvidia ya kukuongezea fremu, na unabaki na elfu 13 mfukoni. Mimi niko na 4060 ya 8GB na Warzone yateleza vizuri sana. Kwa 1080p hizo 16GB ni za nini?

FundiMwembeTayari

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Kazi yangu ni hii ya kufungua na kufunga kompyuta, tangu kadi zilipokuwa za ule mtindo wa zamani wa AGP. Hizo zote ulizozitaja zimepita mezani kwangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umetaja madabodi, pawa saplai na paa la chumba. Wengi hunijia na jina la kadi tu.

Tuanze na madabodi, maana hapo ndipo namba za wakaguzi zinapoachana na mashine yako. RTX 5060 na 5060 Ti hutumia njia nane za PCIe, yaani ule mlango wa madabodi kadi inapochomekwa, si kumi na sita. Wao wanazipima kwenye madabodi mpya za PCIe 5.0, ambako njia nane ni nyingi kupita kiasi. B450 yako ni PCIe 3.0. Njia nane za kizazi hicho hupitisha kama gigabaiti 8 kwa sekunde. Kumi na sita hupitisha karibu 16. RX 9060 XT ina njia kamili kumi na sita, kwa hiyo kwenye mashine yako hiyo hiyo inapata mlango mara mbili wa ule wa 5060.

Maadamu gemu inaenea ndani ya kumbukumbu ya kadi, tofauti hiyo ni ndogo, hutaisikia. Shida inaanza 8GB zikijaa. Kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta, na kila kitu kinapita kwenye ule mlango mwembamba. Ni kama kivuko cha Likoni asubuhi ya Jumatatu feri moja ikiwa imetolewa kazini: magari ni yale yale, watu ni wale wale, lakini hakuna anayevuka kwa wakati. Kwenye skrini utaona wastani wa fremu 70 na bado picha inakwama kila ukigeuka, au kuta zinabaki na ukungu, hazikamiliki kuchorwa. Hiyo Indiana Jones unayoitaka ni mfano mzuri, maana kadi ya 8GB inakulazimisha ushushe kiwango cha picha za kuta na nguo hata kwa 1080p, wakati nguvu ya kuchora bado iko.

Kwa hiyo KisauniFPS, ndugu yangu, kwa Warzone uko sawa na 4060 ni kadi nzuri, inakula wati 115 tu na ningeomba zingekuwa nyingi hivyo. Lakini huyu ananunua leo, na ataishi na hiyo kadi miaka mitano huku kwetu. RX 480 ilitoka mwaka 2016 ikiwa na 8GB kwa dola 239. Kumwambia kijana atoe elfu 52 kwa 8GB zile zile, mimi moyo haunipi. Nilikasirika pia 5060 Ti ilipotoka Aprili 2025, wakaguzi wakapewa ile ya 16GB na ile ya 8GB wakaachiwa waitafute wenyewe madukani. Mwezi uliofuata 5060 ikatoka na wengi wao hawakupewa mapema draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Mwenye bidhaa anayejiamini huitoa ipimwe.

Bei. Mimi huchukua bei ya kutangazwa kwa dola, nazidisha kwa 129, naongeza VAT ya asilimia 16. Hapo napata sakafu. Ada nyingine za bandarini, usafiri na faida ya mwenye duka vinakaa juu yake. 5060 ilitangazwa dola 299, sakafu yake ni kama 44,700. 9060 XT ya 16GB ni dola 349, yaani 52,200. 5060 Ti ya 16GB ni dola 429, yaani 64,200. Ukilinganisha na bei ulizopewa, hakuna anayekuibia. Kati ya hizo tatu, kwa asilimia 9060 XT ndiyo imepandishwa zaidi kidogo, kwa hiyo hapo una nafasi ya kuzungumza. Lipa taslimu, nenda asubuhi, mwambie fundi wako amesema 60. Na angalia boksi vizuri! Kuna 9060 XT ya 8GB yenye jina lile lile na sura ile ile. Namba ya 16 iwe imechapishwa kwenye boksi na kwenye risiti.

Sasa wati, na hili ndilo la mama. Kadi yako ya sasa imepangiwa 125, 5060 ni 145, 9060 XT ya 16GB ni 160, 5060 Ti ni 180, B580 ni 190. Ukicheza saa nne kila siku, 9060 XT inakuzidishia wati 35 juu ya hii uliyo nayo. Kwa mwezi ni yuniti 4 na kidogo. Tukihesabu yuniti kwa shilingi 30 pamoja na kodi zake, ni kama shilingi 126. Kati ya 9060 XT na 5060, tofauti haifiki shilingi 60. Mtu asikuuzie kadi kwa hoja ya tokeni.

Mwambie mama hivi: mashine nzima ikicheza itavuta kama wati 300 ukutani, saa nne kwa siku, yuniti 36 kwa mwezi. Cha kuangalia ni nyumba nzima iko wapi. Kenya Power hugawa wateja wa nyumbani kwa matumizi ya mwezi: hadi yuniti 30, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100, na kila ngazi ina bei yake kwa kila yuniti. Nyumba iliyokuwa inazunguka 80, kompyuta ya kucheza inaweza kuisukuma juu ya mia, na hapo friji na pasi navyo vinalipiwa bei ya juu. Hilo ndilo la kumwonyesha kwenye karatasi, si jina la kadi.

Wati zina kazi nyingine chumbani kwako: zote zinageuka joto. Wati 300 chini ya mabati, Februari, nje nyuzi 32, feni ya dari inazungusha hewa ile ile ya moto. Ninachowafanyia wateja wa vyumba kama chako ni kufungua programu ya draiva na kushusha kikomo cha umeme wa kadi, halafu kufunga fremu zisizidi 100 au 120. Kadi za leo zimesukumwa juu kiwandani ili zishinde kwenye majedwali. Ukizivuta chini kidogo unapoteza fremu chache usizoziona, na feni zinanyamaza. EA FC hasa, bila kufunga fremu kadi inachora mamia ya fremu ambazo monita yako haiwezi kuonyesha, na wewe unalipia joto lake.

B580 ningeipenda kwa mtu mwingine. Dola 249, 12GB, mlango mpana wa kumbukumbu. Lakini draiva yake inategemea sana prosesa, na mwanzoni mwa 2025 wakaguzi walionyesha wazi kwamba ukiiweka na prosesa za rika la 3600 inapoteza nguvu nyingi. Tena ikiwa imekaa bure bila kazi inavuta umeme mwingi mpaka ubadilishe mipangilio ya BIOS, ile programu ya madabodi yenyewe. Si ya mashine yako.

Pawa saplai ndiyo inayoniogopesha kuliko yote. Geuza kasha uangalie nyuma: kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230? Kama kipo, hiyo ni ya mtindo wa zamani, haina kirekebishi kizuri cha umeme, na hiyo 600 ya ubavuni ni rangi tu. Mezani kwangu zimelala nyingi za namna hiyo. Ukifungua unakuta koili ndogo, nafasi za vichujio vya mwanzo ziko tupu kwenye ubao, na waya wa pini nane una kipenyo cha uzi wa chaja ya simu. Kadi mpya huvuta kwa mikupuo ya ghafla, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na volteji ya jioni huku kwetu nayo ina tabia zake. Saplai halali ya 550W yenye 80 Plus Bronze, alama ya kutopoteza umeme mwingi, ni kama elfu nane.

Kwa hesabu hiyo, 9060 XT ya 16GB na saplai halali ni elfu 71. 5060 Ti peke yake ni 76 na bado imekaa juu ya saplai ile ile mbovu. Mimi ningechukua hiyo ya 71. Kwa gemu za kawaida 5060 Ti inaizidi kidogo tu. Kwenye gemu zinazofuata miale ya mwanga kwa ukamilifu Nvidia bado yuko mbele sana, huo ndio ukweli. Lakini ukitoka 1660 Super, 9060 XT ni zaidi ya maradufu.

BiHarusiStudio

Shikamoo fundi. Umeeleza vizuri, ila naomba nisimamie upande wa video kwa sababu kaka ametaja harusi na watu wamepita hapo haraka.

Mimi nahariri harusi Kibokoni. Wikendi moja yaweza kuwa na usiku wa hina, nikahi msikitini, kisha kupamba, kamera tatu. Kinachoamua siku yangu ni kama video inacheza kwenye programu bila kukatika ninapokata. Kamera nyingi mpya hurekodi rangi kwa mfumo wa 4:2:2 wa biti 10, unaohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida, na kwa miaka mingi kadi za Nvidia hazikuweza kuufungua kwa vifaa vyake. Kazi yote ilikuwa inaangukia prosesa. Mfululizo wa RTX 50 ndio wa kwanza wa Nvidia wenye uwezo huo. Nilipobadilisha nilikuwa natazama kamera tatu za 4K kwa pamoja, bi harusi anaingia ukumbini, na mstari unatembea tu. Zamani nilikuwa natengeneza nakala ndogo za kila faili kwanza, kazi ya usiku mzima.

Pia kama unafikiria Blender au programu nyingine za michoro ya 3D, nyingi zimezoea CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi, na zinakwenda haraka zaidi humo. Kwa mtu anayelipwa kwa kuhariri, hiyo elfu 13 ya ziada kati ya 9060 XT na 5060 Ti inarudi. Saplai nzuri hata hivyo lazima, hapo niko na fundi asilimia mia.

FundiMwembeTayari

Marahaba dada. Hapo umesema neno, na jibu liko kwenye kamera, si kwenye kadi. MtotoWaTudor, chukua faili moja ya binamu yako, ifungue kwa programu ya MediaInfo, ni ya bure. Tafuta mstari wa chroma. Ukiona 4:2:2, msikilize dada. Ukiona 4:2:0, kadi zote hizi zinaifungua bila taabu.

MtotoWaTudor

Nimeangalia faili za harusi mbili. Zote 4:2:0, biti 8. Binamu anasema kamera yake ni ya zamani kidogo na hana mpango wa kuibadilisha mwaka huu. Shukran dada, nisingejua hata pa kuangalia.

Na kile kiswichi chekundu kipo.

Maswali mawili, fundi. UPS yangu itaibeba hiyo 9060 XT? Na prosesa ya 3600 haitaizuia?

LikoniNiNyumbani

Samahani kwa kudandia. Mimi nina Dell OptiPlex ya mtumba, zile zilizotoka ofisi za Uingereza, kasha jembamba. Hizi kadi zinaingia? Nataka gemu za mpira tu na GTA V.

FundiMwembeTayari

LikoniNiNyumbani, hizo haziingii na usilazimishe. Saplai ya OptiPlex ni ndogo, plagi zake ni za Dell wenyewe, na waya wa pini nane wa kadi haupo. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 mwisho. Tafuta RTX 3050 ya 6GB, hakikisha ni ya 6GB, inakula wati 70 na haihitaji waya. Zipo fupi za kasha jembamba, ulizia yenye kibati kifupi ndani ya boksi. Kwa mpira na GTA V inakutosha. Mtu asikupe waya wa kuunganisha kutoka plagi ya diski kwenda kwenye kadi kubwa. Nimeshaona plagi hizo zimeyeyuka zikashikana na kadi.

Mwanangu wa Tudor: UPS ya 650VA nyingi zake ni kama wati 360 halisi. Mashine yako na 9060 XT itakuwa kama 300 hadi 340 ukutani ikifanya kazi kweli. Inabeba, lakini pembeni kabisa, na betri ikiwa ya miaka miwili utapata dakika chache tu. Itoshe kuhifadhi kazi na kuzima, usiendelee na mechi. Ukiweka 5060 Ti juu yake ungeufikia mwisho wake.

Prosesa, ndiyo, itaizuia kwenye Warzone. Kwa 1080p, 3600 haiwezi kuilisha kadi hii mpaka ishibe. Lakini madabodi yako inapokea Ryzen 5 5600 bila kubadilisha kitu kingine zaidi ya toleo la BIOS. Fanya hilo mwakani, pesa ikirudi. Kwa sasa pandisha ubora wa picha, mzigo uende kwenye kadi. Kumbukumbu ya 16GB ndiyo inayokuruhusu kufanya hivyo.

MsafiriWaDeira

Nauza vipuri kati ya Dubai na Mombasa, kwa hiyo naongea kinyume na biashara yangu. Watu wengi wataka nduguye aliyeko Dubai amletee kadi kwenye begi. Bei ya kule yaweza kuwa nafuu, VAT yao ni asilimia 5. Lakini kadi ikifa, mwenye kuhudumia waranti ni yule aliyeiuza kule, na kuirudisha kwahitaji mtu wa kuibeba tena na kusubiri. Kama uokoaji haufiki elfu nane au kumi, nunua hapa, upate risiti yenye namba ya kadi na duka ambalo waweza kulifikia kwa tuktuk.

Na wale watakaokuletea RX 580, kadi za zamani za AMD, kwa bei ya chini, angalieni kama imeandikwa 2048SP. Hiyo si 580 kamili. Baada ya Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, kuacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, zilizochoka zilimwagwa sokoni kwa wingi, na nyingine zimepakwa rangi upya.

FundiMwembeTayari

Ami, maneno ya kweli hayo. Naongeza la chumvi kwa wote mnaokaa karibu na bahari, Nyali, Likoni, Mji wa Kale. Wiki iliyopita nilifungua kadi iliyokaa dirishani mbele ya maji. Mapezi ya aluminiamu yalikuwa na unga mweupe, kibomba cha shaba kimeota kijani, na pesti ya joto imekauka hadi inachubuka kwa ukucha kama ganda. Kadi ilikuwa nzima, inakufa kwa joto tu. Usiweke kasha usawa wa dirisha, na lisafishwe kwa brashi kavu na upepo, si kwa kitambaa chenye maji. Nyuzi 84 zako, kijana, huenda sehemu yake ni vumbi na pesti. Hiyo 1660 Super ifungue uisafishe kabla hujaiuza, itakupa bei.

MtotoWaTudor

Nimeamua 9060 XT ya 16GB na saplai mpya. Nimerudi kwenye duka moja, wameshuka hadi 61 kwa taslimu, na risiti wataandika 16GB na namba ya kadi. Nimemwonyesha mama karatasi ya yuniti. Nyumba yetu iko 70 kwa mwezi, na zile za kompyuta zimo tayari.

Kuna la kufanya kabla ya kuichomeka?

FundiMwembeTayari

Elfu 61 ni bei nzuri, usiiache. Na kama ni 70 huku unacheza tayari, hizo yuniti nne hazikufikishi mia. Mama atulie.

Ondoa draiva ya Nvidia yote kwa Display Driver Uninstaller kabla ya kuzima. Pandisha BIOS ya B450 kwa toleo la karibuni, kwa stima iliyotulia na UPS imewashwa. Kisha ndani ya BIOS washa Above 4G Decoding na Resizable BAR, uzime CSM, ule mfumo wa kuwaka kizamani. Bila hivyo prosesa inaifikia kumbukumbu ya kadi kwa vipande vidogo vidogo na unaacha fremu mezani. Kadi nyingi za 9060 XT zina plagi moja ya pini nane. Itumie waya wake uliokuja na saplai mpya, usichanganye na waya wa saplai ya zamani hata kama unaingia, mpangilio wa ndani hutofautiana na huunguza.

Kabla ya kuzima CSM, bofya kulia jina la diski yako kwenye Disk Management, ingia Properties kisha Volumes, angalia mtindo wake wa mgawanyo (Partition style). Ikisema GPT, endelea. Ikisema MBR, Windows haitawaka tena mpaka igeuzwe kwa mbr2gpt, zana ya Windows yenyewe, na hapo weka nakala ya kazi za harusi kwanza, au niletee nikufanyie.

MtotoWaTudor

Imesema GPT. Asante sana fundi, kesho baada ya alasiri niko dukani.